Weusi Ulio Mbele ya Jua

Ukiingia duka la fremu Kariakoo, Mombasa mjini au Darajani hapa Unguja, picha ya machweo haikosekani. Bahari ya rangi ya chungwa, mnazi mmoja umeinama, jua zima limekaa katikati. Wateja wanaipenda na wanaichukua kwenda kupamba sebule. Lakini ukiisogelea na kuitazama kwa utulivu, mara nyingi unakuta chombo kilicho pembeni hakina tanga la kwetu, na milima iliyo nyuma haipo popote katika pwani hii. Ni bahari ya watu wengine, imeshushwa kutoka mtandaoni, ikachapishwa kwenye kanvasi na kuvutwa juu ya mbao.

Sina ugomvi na anayeinunua. Rangi zile zinavuta moyo, na ukuta mtupu unachosha. Ila baada ya miaka ya kusimama jioni Forodhani na Shangani, ukingoni mwa bahari ya Mji Mkongwe, kamera mkononi, nimeshika imani moja ambayo siiachi: rangi za machweo ni za dunia nzima, kilicho chako ni ule weusi uliosimama mbele ya jua. Tanga, mlingoti, ukuta wa bahari, kijana anayejitupa majini, ncha ya kisiwa. Ukichagua picha ya ukutani, au ukiipiga mwenyewe, anza kutazama penye kiza, kisha ndiyo uhamie kwenye mwanga.

Kuhusu rangi kuwa za wote, sababu yake ni rahisi. Jua likiwa utosini, mwanga wake hupita katika tabaka fupi la hewa. Likigusa upeo wa macho, mwanga huohuo hulazimika kupita katika hewa nyingi zaidi, takriban mara 38. Njiani molekuli za hewa hutawanya kwanza mwanga wa buluu, na kinachotufikia ni njano, chungwa na wekundu. Volkano ya Krakatoa, katika Indonesia ya leo, ilipolipuka Agosti 1883, gesi na vumbi lake vilizunguka juu angani na kwa miezi mingi watu wa Ulaya na Marekani wakaona machweo mekundu kuliko waliyoyazoea. Mlima mmoja wa kisiwani ulitosha kubadili jioni za mabara mengine. Kwa hiyo anayenionyesha picha akaniambia "tazama wekundu huu", namsikia, lakini bado sijajua picha ni ya wapi.

Kuna jambo jingine ambalo wenyeji wengi wa pwani tunalijua kwa miili yetu bila kulisema: pwani kubwa ya Tanzania na Kenya inatazama mashariki. Ukikaa Coco Beach, Bagamoyo, Malindi ya Kenya au Diani, jua hutoka baharini asubuhi na jioni huzama nyuma yako, juu ya nyumba na miembe. Picha nyingi za jua juu ya maji zinazotoka huko ni za alfajiri, hata zikiandikwa machweo. Ni picha nzuri na zina utulivu wake, sema mwanga wa alfajiri una ubaridi fulani, na vyombo vilivyomo vinafanya kazi nyingine.

Machweo ya baharini huku kwetu yana mahali pake. Mji Mkongwe wote umeegemea magharibi ya Unguja, ndiyo maana jioni mji mzima unashuka Forodhani. Kendwa, kule kaskazini, inatazama magharibi vilevile, na faida yake ni kwamba maji hayaendi mbali yakitoka, tofauti na Paje na Jambiani ambako bahari huondoka ikaacha uwanja. Pemba ina Wete, Chake Chake na Mkoani, miji mitatu yote upande wa machweo, na nashangaa jinsi picha za huko zilivyo chache kwenye kuta za watu. Dar es Salaam wana upande wa ndani wa rasi ya Msasani, ambako jua huzama ng'ambo ya ghuba. Kilifi wana mkono wa bahari unaoingia bara. Na msomaji wa Kigoma asijione ametengwa: Ziwa Tanganyika liko magharibi yenu, na milima ya Kongo inayosimama mbele ya jua ni weusi ambao hakuna mwingine aliye nao.

Mimi nitasema ya Mji Mkongwe, kwani ndiyo ninayoyajua.

Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, na huku jua haliteremki kwa mshazari mrefu kama huko Ulaya. Linashuka karibu wima. Likishagusa maji, dakika mbili na kitu limekwisha. Baada ya hapo una dakika 20 hivi za mwanga unaofifia kabla giza halijashika. Ratiba nayo haiyumbi sana: mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasoro dakika kumi. Kinachohama ni mahali pa kuzamia. Katikati ya mwaka, msimu wa kusi, jua huteremkia upande wa kisiwa cha Bawe na zaidi kidogo kuelekea kaskazini. Desemba, kaskazi inapoanza, linakuwa limeshahamia kusini, likizama juu ya maji matupu. Tofauti ya Juni na Desemba ni kama nyuzi 47, pembe kubwa. Mtu anayetaka kisiwa ndani ya picha yake asije mwezi wowote tu, na anayetaka bahari isiyo na kitu ila tanga moja, vilevile ana miezi yake.

Maji nayo yana neno. Siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka kuliko kawaida, bahari hapa hujaa alasiri, na jua linapozama maji yameanza kutoka, mchanga umelowa na unarudisha mwanga. Siku za maji mafu mambo ni mengine, bahari haipandi sana wala haishuki sana, na ufukwe hukaa vilevile jioni nzima. Mawingu ndiyo yasiyotabirika. Wengi hudhani anga safi ndiyo bora, lakini anga tupu hutoa jua la njano na kisha basi. Wingu la juu, lililotandazwa jembamba, ndilo linalowaka baada ya jua kuzama, mwanga ukilipiga kutoka chini. Baada ya mvua za vuli, hewa ikishaoshwa, jioni hizo huwa nyingi. Masika mara nyingi hufunika kila kitu.

Sasa huo weusi. Jioni pale Forodhani una vitu vingi vya kuweka mbele ya jua, na karibu vyote vinatembea. Vijana wanaruka kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, na mwili wa mtu aliye hewani ni umbo ambalo hakuna anayeshindwa kulisoma. Ngalawa zinapita na mirengu yake miwili. Majahazi ya kutembeza wageni yanazunguka. Na upande wa Malindi ya hapa Mji Mkongwe, wavuvi wa dagaa wanaondoka na karabai zao kwenda kukesha, wakati kila mtu mwingine anarudi nyumbani. Napenda sana vyombo hivyo. Ni vya kazi, na kazi inaonekana hata kwenye kivuli: namna watu walivyokaa, nyavu zilivyorundikwa, mtu mmoja amesimama omo, mbele ya chombo.

Ili umbo lisomeke, lazima liwe na mwanga pande zote. Tanga likigusana na tanga jingine yanakuwa donge. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ikipita mbele ya kisiwa inapotea. Kwa hiyo unachofanya hasa ni kusubiri nafasi ya anga kati ya kitu na kitu, na kusogea hatua mbili kushoto au kulia. Piga chini kidogo, karibu na maji, chombo kipande juu ya upeo. Hakikisha upeo umelala sawasawa, maana bahari iliyoinama, ukutani itakusumbua kila siku.

Upande wa kamera sina mengi. Pima mwanga wa anga, si wa mbele, na uache vya mbele vizame kwenye weusi. Kwenye simu gusa anga kisha uvute mwanga chini. Usiiachie kamera ijichagulie rangi ya mwanga. Ikiona chungwa nyingi itadhani ni kosa na itaipooza, basi iweke kwenye alama ya jua la mchana na uiache hapo. Stendi inafaa kwa zile dakika 20 za mwisho. Futa lenzi, chumvi ya bahari haionekani mpaka jua liipige. Na usilitazame jua kupitia lenzi ndefu likiwa bado lina nguvu, jicho halina mbadala.

Kuna aliyenifundisha zaidi ya kamera yoyote, naye ni mama mdogo wangu anayeishi Muscat. Aliondoka Unguja akiwa binti. Pwani ya Muscat inatazama kaskazini-mashariki na nyuma yake kuna milima ya Hajar, hivyo jua la huko huondokea bara.

"Mwanangu, kwetu huku jua linazamia majabalini," aliniambia kwenye simu. "Nataka la Forodhani. Lakini usinitilie watu wenye sura, nitaiweka ukumbini."

"Inshallah mama, nitakutafutia."

Nikamtumia kadhaa achague. Zilikuwamo mbili nilizozipenda mwenyewe, anga imewaka kutoka pembe hadi pembe. Akazipita. Akasimama kwenye moja iliyofifia kuliko zote, jua limeshazama, anga ya zambarau, na chombo kimoja cheusi kinarudi.

"Hii," akasema. "Hii mashua, na huyu wa shetri kaelemea usukani, wanaingia Malindi. Zile nyingine nzuri, lakini jua tu."

Jua tu. Tangu siku hiyo, nikikaa kuchagua, ninaziba anga kwa kiganja na kujiuliza kilichobaki chini kinaniambia nini.

Na lile sharti lake la sura si dogo. Katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani, picha za viumbe haziwekwi ukutani. Utakuta aya zilizoandikwa kwa khati nzuri, au picha ya Al-Kaaba. Wanazuoni wana maelezo yao kuhusu picha ya kamera na mchoro wa mkono, siingii humo, lakini mandhari ya bahari, chombo na anga hukubalika na wengi bila mashaka, na watu wakiwemo kama vivuli vya mbali hawana nyuso. Machweo pia ni wakati unaojulikana ndani ya nyumba hizo: jua likizama, Magharibi imeingia. Picha hiyo haihitaji maelezo kwa mtu aliyekulia hapa. Jambo moja la kuangalia: kibla yetu Unguja iko karibu kaskazini kamili, hivyo kama familia husali sebuleni, usiitundike kwenye ukuta wa kaskazini ikawa mbele ya macho ya anayesali.

Nyumba za zamani za Lamu hazikuhitaji picha. Ukuta wenyewe ulikuwa pambo, plasta imechongwa zidaka safu kwa safu, na ndani yake vyombo vya kaure. Nyumba tunazojenga leo ni matofali ya saruji, plasta laini na rangi ya krimu, sebule yenye ukuta wa mita tano usio na kitu. Ukuta wa namna hiyo unaomba kitu kimoja kikubwa. Picha ndogo nyingi za machweo zikipangwa pamoja zinauana, kila moja inavuta jicho kwa chungwa lake.

Na kwa anayeamini kwamba machweo bila rangi si machweo, aingie Capital Art Studio, Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Picha za zamani za Zanzibar zilizoko pale ni za nyeusi na nyeupe. Hakuna chungwa hata tone, na bado ukitazama bandari na matanga unajua ni wapi na unajua ni bahari gani. Maumbo yanatosha kusimama yenyewe. Rangi ikija juu yake ni baraka ya ziada.

Kusafisha picha, yaani kuichapisha, ndiko wengi wanakopotezea kazi yao nzuri. Kwanza faili. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, mara nyingi upande mrefu unabaki na pikseli 1,600 hivi. Ukiichapisha kwa pikseli 150 kwa kila inchi, unapata upana wa sentimita 27 tu. Ukiivuta ifike mita moja, kamba za mlingoti zinakuwa ukungu. Faili halisi ya kamera ya pikseli 6,000 kwa 4,000 kwa kipimo hichohicho inafika mita moja bila taabu. Basi itume kama dokumenti, au ipeleke kwenye flashi.

Pili, mwambie fundi asiirekebishe. Hili nalisema kwa msisitizo. Mashine nyingi, na mafundi wengi wenye nia njema, wakiona picha ya giza huongeza mwanga. Weusi unakuwa kijivu, chungwa linapauka, na chombo kinabaki kama kimepakwa vumbi. Omba kipande kidogo cha majaribio kwanza, kitazame nje kivulini na kisha chini ya taa ya nyumbani kwako. Kumbuka kioo cha simu kinatoa mwanga chenyewe na karatasi haitoi, kwa hiyo chapisho litaonekana na giza zaidi; kama ni lazima, inua anga kidogo, weusi uache.

Tatu, karatasi au kanvasi. Kanvasi ni nyepesi na haina kioo cha kuakisi dirisha, nayo ndiyo inayouzwa zaidi. Lakini nyuzi zake humeza mistari myembamba, na katika unyevu wetu hulegea kwenye pembe. Kwa picha yenye kamba, nyavu na vidole vya mtu kwenye usukani, ninachagua karatasi yenye mng'aro mdogo, inashika weusi mzito kuliko ile isiyong'aa kabisa, na wino wa pigimenti ambao hauchujuki upesi. Ikiwekwa chini ya kioo, lazima iwepo kadi nene kuizunguka ili karatasi isigusane na kioo. Bila nafasi hiyo, joto na unyevu wa Machi huigandisha kwenye kioo, na ukijaribu kuibandua unaondoka na rangi.

Nyumba ya Mji Mkongwe ina lake zaidi. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua, na chumvi hutoka nazo. Usiibane fremu ukutani. Gundisha vipande viwili vya mbao au kizibo kwenye pembe za chini, nyuma, hewa ipite. Chagua ukuta wa ndani, si ule wa nje unaopigwa na mvua ya kusi. Jua la kweli lisiifikie hata kidogo. Ni ajabu lakini ndivyo ilivyo, picha ya machweo iliyotundikwa mkabala na dirisha la magharibi huliwa na machweo.

Kwa kimo, wanaotundika picha makumbusho huweka katikati ya picha sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, kwa mtu aliyesimama. Sebule yenye majlisi ya magodoro na mito haitaki hivyo, kwani watu wanakaa chini na wataitazama kwa shingo. Ishushe. Kaa unapokaa kila siku, mwambie mtu aishike, na useme basi pale upeo wa bahari unapokaribia usawa wa macho yako.

Taa ndiyo inayoamua usiku. Balbu nyeupe sana, zile zilizoandikwa 6500K, ndizo zimejaa majumbani kwetu, na chini yake chungwa linakuwa kahawia na zambarau linakufa. Badilisha balbu moja tu, iliyo karibu na picha, weka yenye mwanga wa njano, ya 2700K au 3000K. Ni shilingi chache, na nimeona picha ileile ikiamka mbele ya wenye nyumba.

Nyuma ya fremu andika kwa penseli mahali, tarehe, na chombo ni aina gani, maana watoto watauliza na huenda usiwepo kujibu. Masika yakianza, ishushe, futa nyuma kwa kitambaa kikavu, kagua pembe kama kuna madoa ya kuvu, iache siku nzima chumba chenye feni kabla ya kuirudisha. Na kama unanunua badala ya kupiga, tafuta mpiga picha wa hapa, umuulize alisimama wapi na kile chombo ni cha nani. Wa kweli atakujibu papo hapo, na pesa yako itabaki Forodhani.